Ada ya leseni ya pombe kwa klabu za wastaafu wa jeshi na za kijamii

Msimu wa kulipia leseni ukikaribia, waweka hazina wa klabu ndogo huniletea vitabu vyao. Ninakagua hesabu za vyama hapa Nakuru, na baadhi ya vyama hivyo ni vya wanajeshi waliostaafu: watu waliotumikia kambi za Lanet au Gilgil, wakapokea kiinua mgongo, wakanunua ploti Free Area au Bahati na kubaki huku. Wana ukumbi wa kukodi, meza ya drafti na kaunta yenye friji moja. Nao huniuliza: mbona klabu kama yetu ilipe leseni kama baa ya mjini?

Wana haki ya kuuliza. Nimesoma daftari hizi muda mrefu, na sioni sababu nzuri ya kuzipima klabu hizo kwa mizani ya baa.

Chukua ukurasa wa mwezi mmoja wa daftari la kawaida. Upande wa mapato kuna ada za wanachama, kodi ya ukumbi uliokodishwa kwa mkutano wa mahari, na mauzo ya kaunta. Upande wa matumizi kuna bia, soda, umeme, mlinzi, kisha mistari ambayo huwezi kuiona kwenye kitabu cha baa yoyote: mchango wa mazishi, nauli ya mjane aliyekuwa akifuatilia pensheni Nairobi, bili ya hospitali. Ukijumlisha, kilichobaki baada ya bia kununuliwa na kuuzwa ndicho kilichokwenda kwenye mistari hiyo. Hakuna mwenye klabu anayerudi nyumbani na faida mfukoni, kwa sababu klabu haina mwenyewe. Mali yote ni ya wanachama kwa pamoja.

Sasa tazama ada inavyouma. Tuseme leseni ni shilingi 50,000 kwa mwaka, na kila chupa inaacha faida ya shilingi 40. Ili kuirudisha ada hiyo lazima ziuzwe chupa 1,250, yaani kreti 50 za chupa 25. Baa inayomaliza kreti kumi kwa siku inaifidia ada hiyo kwa siku tano. Klabu inayofungua kaunta Ijumaa na Jumamosi, ikauza kreti mbili kwa wiki, inahitaji wiki 25. Karibu nusu mwaka wazee wanakunywa kulipia karatasi ya ukutani, kabla shilingi moja haijaingia kwenye mfuko wa mazishi. Ndiyo maana klabu nyingine hufunga kaunta, na nyingine, nasema kwa masikitiko, huuza kimya kimya bila leseni.

Wengi hudhani mheshimiwa gavana akiombwa vizuri anaweza kusamehe ada hiyo kwa neno la mdomo. Hawezi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka utoaji wa leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Lakini Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Tena pale sheria inaporuhusu msamaha, lazima kuwe na rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Kwa hiyo mlango wa kupitia ni Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao hupelekwa kwenye bunge la kaunti kila mwaka. Ada hukaa kwenye jedwali la mswada huo. Kinachotakiwa ni mstari mmoja zaidi: klabu ya wanachama isiyogawa faida, kiasi fulani.

Mstari ni rahisi kuuandika. Ugumu uko kwenye kusema klabu ni nini, kwa maana siku ada ya klabu itakaposhuka, baa kadhaa zitajipatia katiba, mwenyekiti na muhuri kabla ya wiki kuisha. Hofu hiyo ya maafisa wa leseni ni ya kweli na siwalaumu. Hata hivyo vipimo vipo, na havihitaji kubuniwa upya.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato kwa miaka mingi ilitumia kipimo ninachokipenda: klabu ambayo angalau robo tatu ya mapato yake, ukiacha ya uwekezaji, yalitoka kwa wanachama wenyewe haikuhesabiwa kuwa inafanya biashara. Marekani nako klabu ya kijamii iliyosamehewa kodi inaweza kupata hadi asilimia 35 ya mapato yake nje ya wanachama, na katika hiyo isizidi asilimia 15 kutoka kwa umma unaotumia majengo na huduma zake. Chama cha wastaafu wa jeshi huko hutakiwa kuwa na angalau asilimia 75 ya wanachama waliowahi kuwa jeshini au walio jeshini bado. England na Wales, sheria ya leseni ya 2003 inataka klabu iwe na wanachama wasiopungua 25, na mtu anayeomba uanachama asubiri angalau siku mbili kabla ya kufaidi chochote. Kipimo cha siku mbili kinaonekana kidogo, lakini ndicho kinachoua ujanja wa kuuza kadi ya uanachama mlangoni saa tatu usiku. Sheria hiyo hiyo inakataza mtu yeyote kupata kamisheni kwa bia inayonunuliwa na klabu. Ningeweka marufuku hiyo ya kamisheni kabla ya vipimo vingine vyote, kwa sababu katika vitabu nilivyokagua, klabu inapogeuka kuwa duka la mtu mmoja, mlango wake huwa ni ununuzi wa bia.

Kuhusu wastaafu wenyewe, msimamo wangu unaweza usiwapendeze baadhi yao. Sidhani punguzo litolewe kwa sababu mtu alivaa sare. Litolewe kwa sababu ya jinsi klabu inavyoendesha fedha zake, na hapo klabu ya walimu waliostaafu wa Kakamega au ya wafanyakazi wa zamani wa reli Kisumu iwe na haki ile ile. Vilevile lisimfikie kila anayejiita klabu. Mtu wa Nakuru akisikia neno klabu hufikiria Rift Valley Sports Club, wa Kisumu hufikiria Nyanza Club, zote klabu kubwa. Mimi nazungumzia vyumba viwili vya kukodi nyuma ya duka la mbolea. Weka kikomo cha mapato ya mwaka, anayekivuka alipe ada kamili.

Yapo mambo ambayo punguzo lisiyaguse hata kidogo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Iliweka umbali wa mita 300 kutoka shule za watoto, na ikawakataza walio chini ya miaka 18. Klabu ambako wake na wajukuu huja Jumapili lazima itenge kaunta na ukumbi wa familia kwa ukuta na mlango. Kuna wanachama waliorudi na mambo mazito kutoka kazini, na pombe imewala. Klabu inayoomba ada nafuu huku ikiomba saa zaidi haitapata sahihi yangu.

Kwa klabu zinazotaka kuwasilisha memoranda, yaani maoni ya maandishi, wakati wa ushirikishaji wa umma: msiende na malalamiko peke yake. Pelekeni cheti cha Msajili wa Vyama na ripoti za mwaka mlizomwasilishia, orodha ya wanachama yenye tarehe za kujiunga, daftari la wageni lenye jina la mwanachama aliyemleta kila mgeni, na hesabu za miaka mitatu zikitenganisha mauzo kwa wanachama na mauzo kwa wageni. Kama kaunta haijawahi kuyatenganisha, anzeni wiki hii. Safu moja ya ziada kwenye daftari inatosha. Mwandikieni pia MCA, yaani mwakilishi wa wadi yenu katika bunge la kaunti, maneno kamili mnayotaka yaingie kwenye jedwali la ada, kwa kuwa kamati hupokea upesi zaidi kifungu kilichokwisha kuandikwa.