Barabara tulivu za Grands Causses: Tarn alfajiri, nyanda za juu ukiwa na maji ya kutosha

Kusini mwa Ufaransa, kati ya Millau na Florac, mito ya Tarn, Jonte na Dourbie imechimba mawe ya chokaa na kuacha makorongo yenye kina cha mita 400 hadi 500. Juu yake zimebaki nyanda nne kubwa, kila moja huitwa «causse»: Sauveterre, Méjean, Noir na Larzac. Eneo hili, pamoja na milima ya Cévennes, liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kwa mwendesha baiskeli wa barabarani, lami ni nzuri na wakazi ni wachache mno. Lakini wapo wanaorudi wakilalamikia magari, na karibu wote waliingia Korongo la Tarn mchana wa Agosti.

Barabara ya D907bis, kutoka Le Rozier hadi Sainte-Enimie, ina urefu wa kilomita 36 hivi. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake watu walisafiri kwa mashua. Imebanwa kati ya jabali na mto, na kwenye vijiji inakuwa nyembamba kiasi kwamba basi la watalii na gari la kambi haviwezi kupishana bila mmoja kusimama. Kuanzia saa nne asubuhi, mabasi madogo yanayokokota matela ya mitumbwi huanza kwenda na kurudi. Basi ondoka Le Rozier saa kumi na mbili na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa utafika Sainte-Enimie saa mbili na robo, na korongo lote utakuwa umelipita bado lina kivuli. Mei, Juni na Septemba hakuna haja ya kukimbizana na saa namna hiyo.

Mwelekeo nao una maana. Ufaransa huendesha kulia, na barabara hii iko ukingo wa kulia wa mto. Ukipanda kutoka Le Rozier, mto unakuwa mkono wako wa kulia: unaona maji chini yako, na vijiwe vinavyodondoka kutoka kwenye jabali huangukia zaidi upande wa pili. Kuna mahandaki mafupi yaliyochongwa kwenye mwamba, hayana taa. Dereva anayetoka kwenye jua haoni kitu kwa sekunde mbili tatu, kwa hiyo washa taa nyekundu ya nyuma hata mchana, na vua miwani myeusi kabla ya kuingia.

Toka Sainte-Enimie una njia mbili. Ya kwanza ni kuuzunguka uwanda wote wa Méjean: Ispagnac, Florac, Col de Perjuret («col» ni njia ya kuvukia mlima), Meyrueis, kisha kushuka Korongo la Jonte kurudi Le Rozier. Jumla ni takriban kilomita 120. Kipande kibaya ni kile kifupi kabla ya Florac, ambapo unalazimika kuingia N106 yenye malori. Kipite haraka na usisimame kupiga picha. Baada ya Florac mambo yanatulia kabisa. Kupanda Perjuret, ulio mita 1,028 juu ya usawa wa bahari, ni kwa taratibu kando ya mto Tarnon, halafu baada ya Fraissinet-de-Fourques mwinuko unakaza. Hapo ndipo Roger Rivière alipoanguka mwaka 1960 kwenye Tour de France, akiwa anashuka kuelekea Florac. Alivunjika uti wa mgongo na hakushindana tena. Wewe unaupanda upande huo badala ya kuushuka, sababu nyingine ya kupenda mwelekeo huu.

Njia ya pili ni kukata uwanda katikati kwa D986 hadi Meyrueis, na mzunguko unapungua kuwa kilomita 85 hivi. Kwa maoni yangu hii ndiyo bora. Unatoka mita 480 pale mtoni na kupanda zaidi ya mita 400, kisha dunia inafunguka: nyasi fupi, kondoo, mawe, na gari moja moja.

Mpandisho wa kutoka korongoni ndio unaowaumbua waliokuja na gia za mashindano. Chukua mfano wa mita 450 kwa mwinuko wa asilimia 7: hizo ni kilomita sita na nusu bila kupumzika. Ukiwa na sahani ndogo ya mbele yenye meno 34 na gia kubwa ya nyuma yenye meno 34, kila mzunguko wa pedali unasogeza baiskeli mita 2.1. Kwa mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.5 kwa saa, na utafika juu kwa dakika 50 hivi huku bado unaweza kuongea. Ukija na meno 39 mbele na 25 nyuma, itabidi usimame juu ya pedali karibu njia nzima, na magoti ndiyo yatakayolipa. Barabara ya D43 inayopanda Méjean kutoka La Malène ni kali zaidi, kona zake zinajikunja moja juu ya nyingine. Si ya siku ya kwanza.

Kule juu tatizo ni maji. Chokaa hunywa mvua yote, inazama ardhini na kutokea tena chini kwenye chemchemi za korongoni. Madimbwi utakayoyaona, yaliyosakafiwa kwa mawe, ni ya kondoo. Jaza Sainte-Enimie lita mbili kamili, maana kuvuka hadi Meyrueis ni saa mbili au zaidi, na kivuli karibu hakuna. Bomba likiandikwa «eau non potable», usinywe. Likiandikwa «eau potable», jaza hata kama chupa zina maji nusu. Vijijini jaribu makaburini: mara nyingi kuna bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa Ufaransa wamelitegemea miaka mingi, ila soma kibao kwanza. Chakula nacho kinataka akili. Maduka mengi hufungwa mchana kwa saa mbili au tatu, na Jumapili alasiri na Jumatatu unaweza kukuta kijiji kizima kimefunga.

Kushuka kuna mtego wake. Kiangazi mafundi hutandaza lami nyepesi na kumwaga kokoto juu yake, wakiacha magari yazikandamize. Kibao kinasema «gravillons». Ukikiona, punguza mwendo kabla ya kona. Ndani ya kona usiguse breki ya mbele. Matairi ya milimita 28 ndiyo ya chini kabisa, 32 ni bora. Na jambo moja kwa wanaotoka Kenya, Tanzania au Uganda: baiskeli ya kukodi Ufaransa kwa kawaida ina breki ya mbele mkono wa kushoto, kinyume na mnavyozoea kwenu. Jaribu mikono yote miwili kwenye uwanja tambarare kabla ya kuondoka, kwa sababu kwenye mteremko mkono hufuata mazoea.

Kwa kupanga njia, ramani ya Michelin ya karatasi bado inazishinda programu nyingi za simu, ambazo huku juu hupenda kukupeleka kwenye vijia vya changarawe. Fuata barabara zilizochorwa nyeupe kwenye ramani hiyo, vumilia za manjano, kwepa nyekundu. Vialama vya mshale vilivyochorwa juu ya barabara hizo ramanini huelekeza upande wa kupanda: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo. Mfano mzuri uko Millau. Kwenda Le Rozier, wengi hufuata D907. Ng'ambo ya mto kuna D187 kupitia Paulhe na La Cresse, katikati ya miti ya cheri, mpaka Peyreleau. Kutoka hapo D29 inapanda Causse Noir, na D110 inakurudisha Millau ikipita karibu na miamba ya Montpellier-le-Vieux. Ni safari ya nusu siku, na Tarn ya watalii huigusi kabisa.

Ukiwa Jonte, inua macho juu ya magenge: tumbusi walirudishwa huku kuanzia miaka ya 1980, na alasiri huelea wengi hewa ikishapata joto. Simama pembeni kwanza, ndipo uangalie.

Msimu wa kuwa na hadhari ni Septemba hadi Novemba, wakati mvua kubwa za Cévennes huweza kumwaga ndani ya siku moja maji ya mwezi mzima. Mito hupanda ghafla na mawe huporomoka barabarani. Onyo la mvua likitolewa, usiingie korongoni; na kama uko juu, shuka mapema kabla haijaanza, au lala uliko.