Joto na usumaku wa nyaya nyembamba za aloi: kwa nini sampuli zenu zinarejeshwa

Kutokana na malalamiko yanayozidi kuletwa na wanafunzi wa Tunguu pamoja na mafundi wa vifaa vya elektroniki wa Mwanakwerekwe, Unguja, na Chake Chake, Pemba, kwamba sampuli zao za nyaya nyembamba za aloi (metali iliyochanganywa na elementi nyingine) zimerejeshwa bila ya kupimwa, maabara yetu inaona ni wajibu kueleza namna joto linavyobadilisha usumaku wa nyaya hizo na sababu ya fomu ya maombi kuongezwa sehemu ya historia ya joto.

Waya tunaouzungumzia una kiini cha metali, chenye kipenyo cha maikromita chache hadi makumi machache, kilichovikwa kioo. Kwa njia aliyoieleza Taylor mwaka 1924, na ambayo Ulitovsky aliiendeleza baadaye katika Umoja wa Kisovieti, aloi huyeyushwa ndani ya mrija wa kioo, kisha vyote viwili huvutwa pamoja na kupozwa kwa kasi inayoweza kufikia nyuzi 1,000,000 kwa sekunde. Atomi hazipati muda wa kujipanga. Anayepika shira analijua jambo hili: ikimwagwa juu ya sinia baridi huganda kama kioo, ikiachwa ipoe taratibu huota chembe.

Kwa kuwa fuwele, yaani chembe ambazo atomi zake zimejipanga kwa safu, hazipo, mwelekeo wa usumaku hutawaliwa zaidi na mikazo (nguvu za kuvuta na kubana) iliyofungika ndani ya waya, ambayo hutokea kwa sababu metali inapopoa hutaka kusinyaa zaidi kuliko kioo, na kioo huizuia. Tumekwishaeleza mara nyingi, na tunaeleza tena, kwamba kioo hicho si ganda la kukwanguliwa kabla ya kuleta sampuli. Ukikiondoa, umeondoa na sehemu ya mikazo, na utakachotuletea ni waya mwengine kabisa.

Wengi wanaamini kwamba joto huua usumaku. Hiyo ni kweli kwa sumaku ya kudumu iliyopashwa kupita kiasi, lakini waya huu si sumaku ya kudumu. Kuupasha kwa nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi hulegeza mikazo, na matokeo hutegemea aloi. Waya wenye chuma kwa wingi, pamoja na silikoni na boroni, hugeuza usumaku wake kwa mruko mmoja, yaani wote kwa mara moja, na ukipashwa bila ya kuvutwa kwa kawaida hubaki hivyo. Waya wenye kobalti kwa wingi hugeuka taratibu, chini ya uga wa sumaku wa ampea chache tu kwa mita. Baada ya dakika chache za joto huanza nao kuruka, na uga unaohitajika hupanda hadi makumi ya ampea kwa mita. Aliyeutaka kwa kihisi cha uga dhaifu, mfano dira ya simu, huenda akasema umeharibika, kumbe umebadilika tabia.

Waya wa chuma ukipashwa huku umening'inizwa uzito, nao huacha kuruka, kwa kuwa mwelekeo ulio mwepesi kwa usumaku huhama kutoka urefu wa waya kwenda upande wa mapana yake, na ukinzani wake kwa mkondo geu wa masafa ya juu huwa mwepesi zaidi kuhisi uga wa nje. Kwa hiyo uzito ni taarifa muhimu sawa na nyuzi za joto.

Aloi nyingi za aina hii zikifika kiasi cha nyuzi 500 au zaidi huanza kuota fuwele. Zipo zenye niobi na shaba kidogo ambazo fuwele zake hubaki za takriban nanomita 10 na usumaku ukabaki laini, yaani rahisi kugeuzwa. Nyingine huwa ngumu kisumaku na kukatika mkononi. Jiko la mkaa halina kipimo cha haya. Tunaomba lisitumike.

Fomu ijazwe: aina ya aloi, kipenyo cha kiini na cha jumla, nyuzi za joto, dakika, uzito uliotundikwa, na kama joto lilitoka kwenye tanuri au kwa kupitisha mkondo. Sehemu ikiachwa wazi, sampuli hurejeshwa, ada hairudishwi, na mwombaji huanza upya. Saini ya msimamizi haifidii pengo hilo. Sampuli za Pemba zinazokuja kwa boti ziwekwe zimenyooka ndani ya mrija, zisizungushwe kwenye kadi, kwa sababu kupinda nako huongeza mikazo.