Mtu wa riviu kasema GPS ya saa ni kali: tumwamini kwa lipi?

Kaa na watu wanaokimbia dakika kumi tu, mada ya saa za kukimbilia lazima iingie, zile zenye GPS zinazopima umbali kwa setilaiti na kukuchorea mstari wa njia uliyopita kwenye ramani, na ikishaingia wanagawanyika hapohapo. Huyu anasema mi namwamini mtu wa riviu anayejitegemea, yule mchambuzi anayezijaribu saa na kutuambia ipi nzuri, kampuni zote zinajisifia tu, yule anasema hao wa riviu nao wameshalambishwa asali, bora nijipimie mwenyewe. Mimi nimekaa kambi zote mbili na kote nimepotea, ndo maana nimeamua kuandika hizi dhana ninazozisikia kila siku, na ukweli wake.

"Hajalipwa na kampuni, kwahiyo anachosema ni kweli"

Hii ndo mama yao kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Mtu asipolipwa anakuwa hana sababu ya kudanganya, basi, kama anajua kupima hilo ni jambo lingine kabisa. Kuna jamaa mwaminifu kabisa, kanunua saa kwa hela yake, kakimbia nayo mara moja palepale anapokimbiaga siku zote, sehemu ya wazi haina hata mti, kaona mstari umenyooka, anakuja kutuambia GPS ni moto. Hajadanganya mtu. Ila mahali pa wazi hata saa ya miaka kumi iliyopita inafanya vizuri, kwahiyo hapo hajapima kitu. Halafu kuna mwingine kapewa saa na kampuni kabla haijaingia sokoni, lakini anavaa tatu au nne kwa mpigo, anapita katikati ya maghorofa, anaingia msituni, anarudia njia ileile wiki mbili, na faili zote za mistari hiyo anazianika uzishushe mwenyewe uzilaze juu ya ramani. Mi namsikiliza huyu wa pili, hata kama saa hakuinunua.

Ray Maker, yule anayejulikana zaidi kama DC Rainmaker, amejijengea jina kwa staili hiyohiyo kwenye blogu yake aliyoianzisha 2007, saa kadhaa kwa wakati mmoja, mistari inalazwa mmoja juu ya mwingine, na unavutwa karibu uone nani kakosea wapi. Si lazima ukubaliane na hukumu yake. Uzuri ni kwamba unaweza kumpinga kwa data yake mwenyewe.

Na hela zipo tu hata kwa hao wanaojitegemea, tusidanganyane, wengi wanapata kamisheni ukinunua kupitia linki yao. Hiyo inamsukuma mtu akuuzie saa, saa yoyote ile, kuliko akwambie hiyo uliyonayo inatosha. Kwahiyo kwenye "ninunue au nisinunue" nakuwa mgumu kidogo, kwenye "ipi imechora kona vizuri" naangalia picha.

"Marathoni ni 42.195, saa imesema 42.6, saa mbovu"

Wengi wanaangukia hapa, wachambuzi wadogo pia. Njia ya mashindano yaliyothibitishwa haipimwi kwa GPS kabisa, inapimwa kwa baiskeli iliyofungwa kaunta kwenye gurudumu, na mpimaji anafuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, na kati ya kona na kona anakata moja kwa moja. Juu ya hapo inaongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikatokea fupi, marathoni nzima ni kama mita 42. Sasa we upo katikati ya umati, unazunguka kufuata maji, huyu unampita kushoto yule kulia, kona unaikata kwa nje kwasababu ndani kumejaa. Umekimbia zaidi kweli! Saa iliyosema 42.6 inaweza kuwa ndo mkweli kuliko ya mwenzako iliyotoa namba ya kwenye medali. Siku hizi nikisoma riviu inasifia saa kwamba imetoa namba ileile ya mashindano, naingiwa na wasiwasi.

"Jumla ya kilomita ikilingana basi GPS iko poa"

Inafanana na hiyo ya juu ila hii ni ya kichinichini. Saa ikikata kona inakupunguzia umbali, mstari ukiyumbayumba inakuongezea, na mwisho wa safari makosa hayo mawili yanafutana unabaki na 10.02 inayong'aa. Niliwahi kuwa na saa iliyonipa kilomita 10 safi kila wiki kwenye njia niliyoizoea, nikaisifia mpaka watu wakanichoka, siku nimefungua ramani kwenye kompyuta nikavuta karibu nakuta nimekimbia ndani ya jengo, nimekanyaga maji mara tatu, na pale ninapogeuzia imenikata kama mita 20 hivi. Jumla: kumi kamili.

Ndo maana jedwali la jumla peke yake mi halinishawishi. Nataka nione kona. Nataka nione saa ikipita chini ya daraja refu inatoka upande wa pili ikiwa bado iko njiani au inazubaa kwanza. Na zaidi ya yote nataka maghorofa, maana pale ndo kwenye kazi. Saa inajua ulipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya setilaiti yametumia kufika, setilaiti zenyewe za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu, na mawimbi yanakuja kwa kasi ya mwanga, kwahiyo ukikosea nanosekunde moja tu ushakosea sentimita 30 za umbali. Wimbi likianza kugonga ukuta wa kioo ndo lije mkononi kwako linakuwa limechelewa, saa inaamini setilaiti iko mbali kuliko ilivyo, inakuhamishia ng'ambo ya barabara. Kitu kama hicho hukioni kwenye uwanja wazi hata ukimbie mwaka mzima.

"Uwanja wa riadha ndo kipimo cha mwisho"

Eti mita 400 ni mita 400. Natamani. Kwanza hiyo 400 ni ya leni ya kwanza, tena inahesabiwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, ukihamia leni ya pili unaongeza kama mita 7 kila mzunguko, mizunguko 25 ushapata mita 175 za bure. Pili, saa nyingi sasa zina modi ya uwanjani, unaiambia uko leni gani halafu yenyewe inalazimisha mstari wako ukae kwenye umbo la uwanja. Picha inatoka nzuri mno, mizunguko yote imelaliana kama uzi kwenye bobini, na mtu anaiweka kwenye riviu kama ushahidi wa GPS. Jamani hiyo ni programu inayojua tayari uwanja una mita ngapi! Akiwa alitumia modi ya kawaida ya kukimbia nje, hapo sawa, uwanja unakuwa mtihani mzuri kwelikweli kwasababu kona zake hazikupi nafasi ya kupumua.

"Mstari umetoka nje ya barabara kwenye picha ya angani, GPS imekosea"

Au picha ndo imekosea. Picha za angani zinapigwa kwa pembe na zinaweza kukaa mita kadhaa pembeni ya uhalisia, badilisha chanzo cha ramani tu utaona barabara inasogea. Huko China ndo kabisa, kuna mfumo wao wa GCJ-02 unaohamisha ramani makusudi, mpaka mamia ya mita.

"Saa tatu zimekubaliana, ya nne ndo mwongo"

Hapa hatupigi kura. Saa za kampuni tofauti zinaweza kuwa na chipu ya mtengenezaji mmoja ndani, kama kile kipindi cha 2018 na 2019 ambapo Garmin, Polar na Suunto wote walitumia chipu za Sony kwenye baadhi ya saa zao kwasababu zinakula betri kidogo. Chipu ikiwa moja, na udhaifu unaweza kuwa mmoja. Mfano mzuri ni mwanzoni mwa Januari 2021, saa za kampuni tofauti zilianza kuhamisha mistari siku zilezile, kumbe shida ilikuwa kwenye zile faili za kutabiri mizunguko ya setilaiti ambazo saa inazishusha kupitia simu. Faili zikarekebishwa, watu wakasinki saa na simu wakazishusha upya, saa zikapona. Sasa fikiria mchambuzi aliyezivaa tatu za namna hiyo siku ile pamoja na moja yenye chipu nyingine, angeihukumu ile pekee iliyokuwa nzima.

Kwahiyo kuvaa saa nyingi kunasaidia, ila lazima ujue pia ulipita wapi hasa, upande gani wa barabara, umbali gani kutoka ukingoni. Na zisibanane mkono mmoja kama bangili.

"Ikiwa na masafa mawili mchezo umeisha"

Umesogea, haujaisha. Masafa hapa ni yale ya mawimbi ya setilaiti, kama ya redio. Zamani saa zilisikiliza yale yanayoitwa L1 peke yake, 1575.42 MHz, sasa hivi za bei ya juu zinasikiliza na L5 kwenye 1176.45 MHz, COROS Vertix 2 ilikuja nayo 2021, Apple Watch Ultra 2022, na wengine wakafuata. Mawimbi ya L5 yameundwa kwa namna inayoirahisishia saa kutofautisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga ukuta, na tofauti mjini inaonekana kwa macho. Lakini antena nayo ina mambo yake, programu nayo ina mambo yake, na kuna modi za kujiendesha zenyewe ambazo zinazima masafa ya pili ukiwa mahali pa wazi ili kutunza betri. Mchambuzi kapima kwenye modi ya juu kabisa, we unakimbilia modi ya kuokoa chaji, halafu unamlaumu yeye.

"Nimesoma riviu ya siku saa ilipotoka, inatosha"

Angalia tarehe, angalia na toleo la programu. Apdeti moja inaweza kuinyanyua saa au kuizamisha, na saa nyingine zinapimwa zikiwa na programu ambayo hata haijakamilika. Mchambuzi anayerudi baada ya miezi mitatu kusema "nilichosema mwanzo kimebadilika" kwangu ana alama za ziada, wengi wakishapata watazamaji wao wanahamia saa nyingine.

"Bora nijipimie mwenyewe, siwahitaji"

Jipimie, ila ujue unachoingia. Sinki saa na simu kabla ya kutoka, usubiri ishara ya kijani kwamba saa imepata setilaiti halafu uipe dakika moja tena (watu hawasubiri kabisa, wanabonyeza huku wanakimbia), njia iwe na kona na ukuta, na urudie siku tofauti maana setilaiti zinahama na anga la asubuhi sio la jioni.

Nina njia yangu ya kilomita 3 ninayoitumia kwa kazi hii, na kwa kiburi changu nikasema niipime kwa baiskeli kama wale wa mashindano, nikahesabu mizunguko ya gurudumu, nikakata kona inavyotakiwa. Nimepima mara nne. Kati ya kipimo kirefu na kifupi kuna tofauti ya mita 6, baiskeli ileile, mtu yuleyule. Kwahiyo saa ikija na mita 5 za ziada kwenye njia hiyo nanyamaza tu.