Lodgi ya mtoni haina gari, na hiyo si hasara

Swali la kwanza nililoulizwa tulipofika lilitoka kwa mama mmoja wa Lang'ata niliyekuwa nimewasindikiza yeye na wenzake: "Sasa kesho gari inatuchukua saa ngapi?" Nikamwambia hakuna gari mama, hapa ni boti na miguu. Akanyamaza. Nilimwelewa kabisa, nimeongoza watalii Mara na Kakamega miaka mingi na najua Mkenya akisikia lodgi anawaza paa la gari linafunguliwa na simba wako pale kwa nyasi.

Tulikuwa Tambopata, kwenye msitu wa Amazon kusini mashariki mwa Peru. Unashuka ndege Puerto Maldonado, unapelekwa kwa barabara hadi kijiji cha Waese Eja, kabila la wenyeji wa huko, kinachoitwa Infierno, yaani Jahannamu, alafu mnaingia mtumbwi mrefu wa injini wenye paa mnapanda mto masaa kadhaa. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, ni udongo unaoshuka kutoka Andes.

Watu hudhani lodgi huwekwa kando ya mto kwa sababu ya usafiri tu. Hapana. Ndani ya msitu wa mvua huoni kitu, matunda na maua yako juu mita 30 huko na wanyama wako huko huko, chini ni giza na unasikia sauti tu. Hata Kakamega, kulukulu mkubwa wa bluu anaweza kukuitia asubuhi yote na usimwone mpaka aruke mahali pamefunguka. Sasa huku anayefungua msitu ni mto.

Mto ukipinda, maji ya upande wa nje yana kasi, yanakula ukingo mpaka unabaki ukuta mwekundu wa udongo. Wenyeji wanaita colpa. Hapo ndipo kasuku wanakuja alfajiri kula udongo, ndiyo, kula, mpaka wale makau wakubwa wenye mkia mrefu, na wakati wa kulea wanawapelekea makinda pia. Kuna waliosema udongo unawasaidia na sumu ya mbegu wanazokula, lakini safu wanayoing'ang'ania ukipima ina sodiamu nyingi kuliko zingine, na mimi naamini ni chumvi. Fikiria, chumvi hufika bara ikibebwa na upepo na mvua za bahari. Tambopata mvua inatoka Atlantiki, maelfu ya kilomita, ikifika imeshadondosha chumvi yote njiani, na Pasifiki iliyo karibu imezibwa na Andes. Majani na matunda hayana chumvi ya kutosha. Ni njaa ile ile inayowaingiza ndovu wa Mlima Elgon kwenye giza la Pango la Kitum kukwangua ukuta kwa pembe.

Na mto ukizidi kupinda unajikata, ile kona inabaki ziwa lenye umbo la mwezi mchanga, kama yale ya Tana kule chini Garsen. Huko unaenda kwa kasia bila injini kutafuta fisimaji wakubwa, karibu mita 1.8 pua hadi mkia, wanatembea familia nzima na kila mmoja ana mabaka yake shingoni, hakuna wawili wanaofanana. Kwa vichaka vya ukingoni kuna hoatzin, ndege anayechachusha majani kwenye gole kama tumbo la ng'ombe, na kinda wake ana kucha kwenye mbawa, akitishwa anajitupa majini alafu anapanda mti tena. Nimesoma habari za huyu ndege tangu nikiwa mwanafunzi. Nilipomwona mikono ilitetemeka nikashindwa kushika darubini.

Asubuhi ya kwanza kwenye colpa ilinyesha na hakuja hata mmoja. Ya pili walikuja wakakaa juu ya miti, mwewe akapita, wote wakaondoka. Ya tatu, saa kumi na mbili kasoro, wale wadogo wa kijani walishuka kwanza, alafu makau, wawili wawili, mpaka ukuta ukajaa, na mama wa Lang'ata akanishika mkono hakuachilia.

Kwa hivyo ukiuziwa usiku mmoja kataa, chukua usiku nne. Beba gambuti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano (sindano ni moja ya maisha), na sweta ukienda Juni hadi Agosti, kwa sababu baridi ya kusini huingia ghafla na inauma kama Limuru.