Dar–Zanzibar si dakika tano, jamani

Jana tena. Abiria niliyemkalisha kiti cha mbele kwenye Caravan, ndege yangu ndogo ya propela moja, kanionyesha simu yake: kilomita 73, dakika tano na nusu. "Kapteni, mbona tiketi inasema dakika 20? Mnatuzungusha?" Nilicheka tu, propela ilikuwa inazunguka tayari. Jibu lake hili hapa.

Umbali uko sahihi. Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar hadi ule wa Abeid Amani Karume wa Zanzibar ni maili za baharini 40 kasoro kidogo. (Za baharini! Ukinitajia maili za barabarani tunaanza upya.) Kosa liko kwenye kugawanya. Simu imechukua mwendo wa jeti ikiwa futi 35,000, ikaubandika kwenye safari ambayo haifiki hata futi 10,000. Ni kama kupima Posta–Kariakoo kwa mwendo wa basi la Mwanza lililokwisha kuipita Chalinze.

Caravan yangu kwa noti 160, yaani maili za baharini 160 kwa saa, ingetumia dakika 15. Pangaboi kubwa (ndege kubwa ya propela) la noti 270 lingetumia tisa. Mbona kwenye ratiba tunakaribiana? Kwa sababu hilo pangaboi kubwa halijamaliza kupanda linaanza kushuka, na chini ya futi 10,000 kikomo cha kawaida ni noti 250. Twende Mwanza, kilomita 850 hivi, hapo litaniacha mbali na sibishi.

Sasa upepo. Kila safari ikirefuka utasikia, "leo upepo ulikuwa wa mbele." Piga hesabu: upepo wa mbele wa noti 15, katika maili 40, unanila dakika moja na nusu. Basi! Kinachonila kweli ni upande wa kutua. Njia ya kurukia ya Zanzibar imelala kaskazini–kusini, na Dar iko kusini yake. Ndege hutua ikiukabili upepo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma, nakuja moja kwa moja kutoka Dar, naweka matairi chini, kwisha. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, natakiwa kutua nikielekea kusini, kwa hiyo naupita uwanja ubavuni, naenda hadi usawa wa Mji Mkongwe na mbele yake, ndipo nageuka kurudi. Yaani siku ambayo upepo unanisukuma mgongoni njia nzima ndiyo siku ninayochelewa. Abiria wa jana alipita msimu huohuo, akapiga picha za mji kutoka juu, akafurahi, halafu akaniuliza kwa nini tumechukua muda.

Na kuna foleni. Ukiambiwa wewe ni wa nne kutua, hesabu zako zote weka mfukoni. Foleni ya ardhini siitaji. Mtu anatumia saa nzima Mwenge hadi uwanjani bila kulalamika, dakika nne za angani ndizo zinamuuma.

Niseme ukweli mmoja ambao darasani huupati. Nikiandika mpango wa safari hii huongeza dakika tano juu ya hesabu yangu. Nilizirithi kwa rubani aliyenifundisha njia hii, naye sikumuuliza alizitoa wapi. Siku za kaskazi dakika hizo zinabaki, nafika mapema na kuonekana hodari. Siku za kusi hazitoshi. Mtahini akinibana nizitetee, sina cha kumwonyesha zaidi ya daftari langu la safari, na hata humo kuna siku mbili zenye upepo uleule zilizotofautiana kwa dakika sita.