Kwa nini mwalimu anauliza mtoto anaishi na nani

Na Afisa Elimu, Takwimu na Vifaa, Mbeya

Tangu shule zianze kuhuisha taarifa za wanafunzi, malalamiko yanaletwa ofisini kila wiki. Mwalimu kauliza mtoto anaishi na nani. Kauliza kama kaya ipo TASAF. Kauliza umbali kutoka nyumbani hadi shuleni. Wapo wanaosema majina yanakusanywa ili kaya zikatwe kwenye mpango huo wa TASAF wa kunusuru kaya masikini. Naomba ieleweke kwamba mwalimu haingizi wala haondoi kaya kwenye mpango huo. Limeshasemwa sana kwenye mikutano ya vijiji, na bado tunaulizwa.

Shule inauliza kwa sababu wastani unaficha watu. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne yakitoka, macho yote yanakwenda kwenye wastani wa shule na nafasi yake katika kata. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora, kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022, lakini huku chini mashindano ya nafasi hayajaisha. Shule inaweza kupandisha wastani huku watoto walewale wakibaki chini, kwa kuwa tu waliokuwa juu wamezidi kupanda. Ukitaka kuwaona hao wa chini, soma alama pamoja na rejista ya mahudhurio na taarifa za nyumbani. Kimoja peke yake hakitoshi.

Tuseme shule iko Usangu, katikati ya mashamba ya mpunga. Mpunga unapokomaa ndege wanashuka kwa makundi, na wanaopelekwa shambani kuamia, yaani kuwafukuza ndege, ni watoto. Wiki hizohizo mwalimu wa hisabati yuko kwenye mada ya sehemu, yaani nusu, robo na theluthi. Mtihani wa muhula ukija, watoto saba wanakosa maswali yote ya sehemu, ila ya kujumlisha na kutoa wanapata. Ukitazama jumla ya alama utasema hawa ni wazito wa hesabu. Ukichambua swali kwa swali, kisha ukafungua rejista, utakuta siku mada ile ilipofundishwa hawakuwepo. Kuwakaririsha darasa hakuwasaidii. Wafundishwe sehemu, kwa vipindi vya ziada vinavyolenga mada hiyo tu, wapimwe tena, na kamati ya shule izungumze na wazazi kabla msimu mwingine haujafika.

Rejista inaitwa asubuhi na mchana, lakini walimu wengi huangalia ya asubuhi tu. Linganisheni. Mtoto anayekuwepo asubuhi na kutoweka mchana, siku baada ya siku, mara nyingi ni yule ambaye kwao hawajachangia chakula, naye anaona aibu kukaa akiwatazama wenzake wakila. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 hauruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa sababu ya michango. Huyu hakufukuzwa na mtu, kajiondoa mwenyewe, na anayejua ni rejista.

Kuna hili la asilimia 80. Sharti la TASAF kwa kaya inayopokea ruzuku ni mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na baadhi ya wazazi wameligeuza kuwa ruhusa ya kumbakiza nyumbani siku zilizosalia. Mwaka una siku 194 za masomo. Asilimia 20 yake ni karibu siku 39, yaani karibu wiki nane za darasani. Mtoto huyo sharti katimiza, na masomo kapoteza.

Wengine wanapotea kabisa. Msichana haonekani, ukiuliza unaambiwa "kahamia Dar". Uhamisho unafanyika kwenye PReM, mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wanafunzi: mzazi anaomba shule anayotoka mtoto, mwalimu mkuu anaanzisha, unapitishwa, shule anayokwenda inampokea kwa namba yake ileile ya mfumo huo. Kama namba yake haijaondoka shuleni kwetu, huyo hajahamia shule yoyote, na sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajua wasichana wetu huko mjini hufanya kazi gani majumbani kwa watu. Aliyekatisha masomo, hata kwa ujauzito, anaweza kurudi, Waraka Na. 2 wa 2021 unaruhusu. Mwalimu mkuu asimfute, na asijaze "amehama" kwa kusikia.

Sasa walimu. Malalamiko mengine ya wazazi ni ya haki. Orodha ya alama yenye safu ya "yatima" haipigwi picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Kuzitoa kinyume na lengo la kukusanywa kwake ni kosa: kwa mtu binafsi, faini ya shilingi 100,000 hadi 20,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, kwa taasisi, shilingi 1,000,000 hadi bilioni 5. Kusema ulituma kwa nia njema hakutakusaidia sana.

Na tafadhali, acheni asilimia pale watoto ni wachache. Ukitangaza mkutanoni kuwa asilimia 50 ya wanafunzi wenye ulemavu darasa la sita wamefeli, na darasani wako wawili, umeshamtaja mtoto kwa jina mbele ya kijiji kizima.

Mzazi mwenye shaka aanze kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya awali na msingi ya halmashauri. Taarifa zikiwa zimevujishwa, malalamiko yapelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambaye hataki kujibu swali mbele za watu aombe kulijibu faragha na mwalimu wa darasa. Akikataa kabisa, mwalimu aiache nafasi hiyo wazi. Asibuni jibu.