Umebadilishiwa betri ya moyo? Mkono usiufunge kanga

Mwezi uliopita aliingia mama mmoja wa Kibosho, anatembea pole pole kama amebeba trei ya mayai, mkono wa kushoto kaufunga na kanga umening'inia shingoni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikamwomba ainue ule mkono hata kidogo tu, ukafika usawa wa kifua ukagoma, uso ukakunjamana. Nikamuuliza umefunga hivi tangu lini, akasema tangu nitoke Dar, hii wiki ya saba.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi, watu wananiita dokta wa mazoezi, na hili bega la mama nalijua kabla hata sijaligusa. Bega lisipotumika wiki kadhaa, ule utando unaozunguka kiungo unakaza na linaganda. Kidonda chake kilikuwa kimepona vizuri kabisa, moyo unapiga fresh, kilichomtesa ni kanga.

Sasa ilikuwaje. Huyu mama ana pesimeka, wengi tunasema betri ya moyo, kasanduku bapa kako chini ya ngozi karibu na mtulinga, kanatoa waya zinazopita kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Aliwekewa miaka sita iliyopita kwa sababu umeme wa moyo wake ulikuwa haushuki toka vyumba vya juu kwenda vya chini, alikuwa anadondoka shambani. Mwaka huu akapigiwa simu, kampuni imegundua baadhi ya vifaa vya toleo lake vinaweza kuishiwa chaji kabla ya wakati, aje abadilishiwe. Na mtu akishaambiwa kitu kilichoko kifuani kwake kina hitilafu ya kiwandani, hata umwekee kipya hakiamini tena, anaona akipiga chafya kitazima.

Halafu jueni, kifaa kuitwa na kampuni haimaanishi lazima upasuliwe. Mwaka 2017 kule Marekani pesimeka kama 465,000 ziliitwa kwa sababu programu yake ilikuwa na mwanya wa kudukuliwa, na dawa yake ilikuwa kwenda kliniki zikawekewa programu mpya, kama dakika tatu hivi, hakuna kisu. Madaktari wanapima, wewe unakitegemea kiasi gani, na hatari ya kukiacha ikoje ukilinganisha na hatari ya kufungua. Mama wa Kibosho bila kifaa anadondoka, kwa hiyo wakafungua.

Ila operesheni ya pili si kama ya kwanza, na hapa ndo watu wanapotea. Ile ya kwanza unakatazwa kunyanyua mkono juu ya bega wiki nne mpaka sita kwa sababu ncha ya waya ni mpya, moyo haujaishika, ukivuta inaweza kuchomoka. Kwenye kubadilisha, mara nyingi waya za zamani zinabaki, zimeshashikwa na nyama miaka, wanafungua palepale kwenye kovu, wanachomoa kasanduku wanachomeka kengine, basi. Kinachobaki ni ngozi kupona, wiki moja mbili. Mama alipewa karatasi ya maelekezo ya operesheni ya kwanza akaifuata neno kwa neno, na hata mimi ningeifuata. Kwa hiyo kabla hujatoka wodini uliza swali moja, waya zimebadilishwa au kasanduku tu? Kama na waya mpya ipo, zile wiki sita zinakuhusu.

Kama ni kasanduku tu, kiwiko, kiganja na vidole vichezeshe siku hiyohiyo, mkono unyanyue mpaka pale usipouma, jichane nywele. Ndoo ya lita ishirini na mzigo wa majani ya ng'ombe waachie vijana mpaka kidonda kifunge.

Ninachokiogopa mimi kwenye hii ya pili ni wadudu. Ule mfuko chini ya ngozi umeshakuwa kovu, damu haifiki vizuri, ndo maana maambukizi hutokea zaidi kwenye kubadilisha kuliko kuweka mara ya kwanza. Kidonda kikae kikavu, usipake asali wala shubiri wala mafuta ya mtu yeyote hata awe bibi yako. Pakivimba usikubali mtu wa duka la dawa achome sindano avute, anaingiza wadudu ndani. Pakiwa pekundu, pa moto, panatoa maji, au ngozi imekuwa nyembamba mpaka kifaa kinachungulia, usinunue amoksilini ukajipa moyo, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na akina mama, simu kwenye sidiria hapana! Simu nyingi za siku hizi zina sumaku, iwe sentimita 15 mbali na kifaa, weka hata kwenye kikapu. Hela hazina shida.

Mama nilimwambia habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, mwaka 1958, ile ya kwanza ilidumu saa chache tu, akabadilishiwa weee mpaka akafikisha 26, akafariki 2001 ana miaka 86. Akacheka, akasema ishirini na sita, huyo alikuwa gari?

Tukafungua kanga. Nikamsimamisha ukutani, vidole vinapanda kama buibui, pale vilipogoma nikachora alama ya chaki, nikamwambia nyumbani afanye hivyo hivyo asubuhi na jioni. Juzi mjukuu wake kanitumia picha, kwenye ukuta wa jikoni kuna mistari minne ya mkaa, wa juu kabisa umepita swichi ya taa.